Kilometa Elfu Tatu za Ratili

Waziri wa barabara alipotokea kwenye televisheni na kofia ngumu ya manjano isiyo na hata chembe ya vumbi, Ratili alikuwa anamenya chungwa. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwaka, sebuleni kwa mama mkwe wake, na watu wote walikuwa wameshiba na kulegea vitini. Waziri akasema kwamba katika mwaka uliopita serikali imejenga kilometa elfu tatu za lami. Akarudia: elfu tatu. Waliosimama nyuma yake wakapiga makofi kabla hajafunga mdomo.

"Mwongo," alisema Ratili, akatia kipande cha chungwa kinywani.

Hilo la Ratili halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mkaguzi wa vipimo, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezunguka madukani, sokoni na kwenye vituo vya mafuta na kasha la mbao lililojaa mawe ya mizani, kuhakikisha kwamba kilo ni kilo na lita ni lita. Wafanyabiashara ndio waliompachika jina hilo, la kipimo cha zamani ambacho hakuna anayekitumia tena ila kila mtu anajua ni kizito. Alilipenda. Miaka hiyo yote ya kuwakamata wanaopunja ilikuwa imemfundisha kwamba duniani kuna watu wa aina mbili tu, wanaopunja na ambao bado hajawakagua, na kwamba wa aina ya kwanza wakikubuhu sana hupewa wizara.

"Shemeji, wewe umezipima?" aliuliza Mwenezi.

Mwenezi alikuwa mdogo wa mume wake, katibu mwenezi wa chama tawala pale tawini. Aliuliza bila hasira, kwa ile sauti ya upole ya mtu aliyezoea kuwasamehe wasiojua. Juu ya paa la nyumba hiyohiyo ya mama yake alikuwa amefunga spika la chama, kubwa kama sufuria la shughuli, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi lilianza kuwaeleza majirani jinsi walivyo na bahati.

"Wewe je, umezipima?" alirudisha Ratili.

"Wataalamu wamepima."

"Wataalamu gani? Waliojenga ndio waliopima, na waliopima ndio waliotangaza. Mimi nikikuta mambo hayo dukani, nafunga duka."

"Mdomo tu huo, shemeji. Kilometa elfu tatu unazijua wewe? Kazini kwenyewe huendi bila gari la hiyohiyo serikali unayoitukana."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Gari la ofisi lilimpitia kila asubuhi, yeye na wenzake sita, na humo garini ndimo alimoitukania serikali vizuri zaidi. Ratili akaweka maganda ya chungwa kwenye sahani na kujifuta mikono polepole.

"Kuanzia kesho silipandi," alisema. "Nakwenda kazini kwa baiskeli na narudi kwa baiskeli. Na mwaka huu haujaisha, mimi peke yangu, bila bajeti wala makofi, nitakuwa nimemaliza kilometa elfu tatu. Za kweli."

Mwenezi akacheka mpaka akashika mbavu. Basi mabishano yakapamba moto, na aliyeyamaliza ni mama mkwe. Huyo mama alikuwa na kadi ya chama tangu wanawe hawajazaliwa, na maishani hakuwa ameitilia neno serikali, si kwa sababu aliipenda kupita kiasi, ila aliona kuihoji ni sawa na kuuliza bei ya kitu ambacho umeshakinunua. Alichokichukia ni kelele. Akasema hivi: Ratili akifikisha elfu tatu, Mwenezi atapanda ngazi na kuliteremsha lile spika. Asipofikisha, Ratili hatatia neno la siasa katika nyumba hiyo mwaka mzima unaofuata.

"Mwaka unaofuata ni wa uchaguzi, mama," alisema Ratili.

"Ndiyo, najua."

"Za kazini tu ndizo zihesabiwe," alidakia Mwenezi. "Sio kuzunguka uwanjani Jumamosi ili ujaze. Na kipimo chako nani atakihakiki?"

"Mimi."

"Yaani unajihakiki mwenyewe?"

"Shemeji, nchi hii kwenye vipimo mimi ndiye sheria."

Mume wake, muuguzi aliyekuwa ametoka zamu na kusinzia kitini tangu saa ya kula, akafumbua jicho moja akauliza wamekubaliana nini. Hakuna aliyemjibu, akalifumba tena.

Kesho yake Ratili alitoa stoo baiskeli ya zamani ya mumewe, ile refu yenye magurudumu ya ishirini na nane, akafunga kwenye usukani kimita kidogo cha kuhesabu mwendo. Chombo chenyewe ni rahisi: sumaku kwenye spoki inapita mbele ya kihisio, kihisio kinahesabu mizunguko, na wewe unakiambia kila mzunguko una urefu gani. Ratili hakukisia kama watu wengine. Alilipima gurudumu kwa utepe wa chuma wa ofisini, mara tatu, akaingiza namba: mita mbili na sentimita ishirini. Kisha, kwa mbwembwe na kwa kumkomoa Mwenezi, akabandika juu ya kitufe cha kubadilishia namba ile stika ya kazini kwao yenye neno KIMEHAKIKIWA, akatia tarehe na sahihi yake. Stika hiyo ikishabandikwa haiguswi. Kuibandua ni kosa la jinai, na aliyewahi kulisimamia kosa hilo mahakamani, na kushinda, ni yeye.

Miezi mitatu ya kwanza aliipenda bila kumwambia mtu. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni kilometa saba kamili. Magoti yaliuma wiki mbili, yakazoea. Alipita kila asubuhi mbele ya bango kubwa lenye picha ya waziri akinyoosha kidole kuelekea kusikojulikana, na chini yake maneno yanayosema kazi inaendelea. Bango lilikuwa na taa zake, na mtu maalumu wa kulifuta vumbi. Barabara iliyo chini yake haikuwa na mtu wa kuitunza. Jiwe la msingi la barabara hiyo lilikuwa limewekwa mara mbili, na mawaziri wawili tofauti, na mawe yote mawili bado yalisimama pale, moja likimtazama mwenzake.

Kila Jumapili alifika kwa mama mkwe akaandika jumla yake kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa kalenda ya chama, zawadi ya Mwenezi, yenye picha ya Mkuu wa nchi akitabasamu kwa meno mengi kuliko idadi ya kawaida. Kilometa za Ratili ziliingia kwenye viboksi vya tarehe, chini ya kidevu cha Mkuu. Mwisho wa mwezi wa tatu, siku sitini za kazi, zilikuwa mia nane na arobaini.

"Huyu mkubwa wenu tangu mwaka uanze amekwenda wapi?" aliuliza Ratili, akimwonyesha Mkuu kwa kalamu. "Mimi nimeshakwenda mia nane na arobaini."

Mwenezi alijifanya anatafuta rimoti.

Mwezi wa nne serikali iliichimba barabara. Hapakuwa na kibao wala kamba wala taa, ila asubuhi moja tu palikuwa na lami na asubuhi ya pili pana handaki, na Ratili, aliyekuwa anageuza shingo kulisonya bango, akatumbukia humo mzimamzima. Mwenyewe alitoka na mchubuko wa kiwiko. Baiskeli ilivunjika fremu.

Fundi baiskeli wa karibu na ofisi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliitazama fremu akatikisa kichwa. Alikuwa na baiskeli nyingine, ya kike, ndogo kidogo, imara, magurudumu ishirini na sita. Ratili akaichukua. Wakati fundi anahamisha kimita kutoka usukani mmoja hadi mwingine, Ratili alisimama pembeni akimweleza habari za handaki: nani aliyepewa kazi ya kulichimba, huyo aliyepewa ni shemeji ya nani, na kwa nini katika nchi hii shimo hupata mkandarasi upesi kuliko daraja.

"Mama, na hiki kimita nikibadilishe namba?" aliuliza fundi, kidole kikielekea kwenye kitufe. "Maana gurudumu hili..."

"Stika hiyo haiguswi," alisema Ratili, haraka, kama anavyosema mara kumi kwa siku. "Ni kosa la jinai."

Fundi akaondoa kidole kama aliyegusa pasi ya moto. Ratili akaendelea na mkandarasi.

Kwa kuwa njia ilikuwa imechimbwa, ikabidi azunguke kwa mchepuko, nyuma ya maghala na kuvuka reli. Siku ya kwanza kimita kilimsomea kilometa nane na mita mia nane. Jumapili hiyo alitamba sana. Serikali, alisema, imemwongezea kilometa moja na mita mia nane kila upande, kwenda na kurudi, na hayo ndiyo maendeleo pekee aliyoyapata kwao tangu apige kura. Mama mkwe alicheka hadi akakohoa. Ratili alilirudia hilo la kilometa moja na mita mia nane ofisini, kwa majirani, kwa dereva wa gari la ofisi aliyempita mvuani akipiga honi. Mtu angedhani serikali yote ya nchi imekaa kikao ili kumzungusha yeye.

Handaki halikufukiwa. Mwezi wa sita likaingia maji, na mwezi wa nane vyura. Waziri alikuja kulitembelea, akapigwa picha akiwa amevaa buti jipya, akasema kazi imefikia asilimia sabini. Ratili alisimamisha baiskeli upande wa pili, akawa anatafuta hiyo asilimia sabini kwa macho, akakosa hata ishirini. Zilikuwepo siku za mvua alizoshindwa, na siku za kwenda kukagua mbali kwa gari, na wiki mbili za malaria. Lakini jumla ilipanda. Elfu moja na nusu. Elfu mbili. Mwezi wa kumi na moja Mwenezi akaacha kucheka, na mume wake akaanza kumtolea baiskeli nje asubuhi na kumbonyezea tairi kwa dole gumba kuona kama zina upepo wa kutosha. Ratili alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu anayeona neno lake mwenyewe linatimia, na hakuwa na sababu ya kuificha.

Basi ikafika Ijumaa moja, wiki moja kabla ofisi haijafunga mwaka. Zilibaki siku nne za kazi, Jumatatu hadi Alhamisi. Kwa hesabu yake, akirudi nyumbani jioni hiyo kimita kingesoma elfu mbili mia tisa themanini na saba. Jumatatu angepita elfu tatu bila hata kuinuka kitini.

Mchana huo aliingia kwenye duka la nafaka. Mwenye duka, mtu mnene mwenye heshima zake, alikuwa amehamishia mzani wake mkubwa wa jukwaa kutoka duka la zamani hadi hilo jipya. Ratili akaweka mawe yake juu ya jukwaa. Kwenye kilo hamsini mzani ulizidisha gramu mia tatu.

"Lakini mama mkaguzi, lakiri si yenu hiyo?" alilalamika mwenye duka. "Iangalie, ni nzima. Sijagusa kitu. Mzani ni uleule, nimeuhamisha tu."

"Ndilo kosa lenyewe," alisema Ratili, na hotuba ikatoka yenyewe, maana ameitoa mara elfu. "Kipimo kikihama, uhakiki wake umekufa hapohapo. Lakiri inasema kilikuwa sahihi pale kilipokuwa. Hapa haisemi chochote. Ukikitoa sehemu moja ukakifunga nyingine unatakiwa utuite tuanze upya, na usipotuita, hiyo lakiri ni pambo tu unalowadanganyia wat..."

Hakumalizia. Mwenye duka alisubiri sehemu ya mwisho, ile ya adhabu, lakini mkaguzi alikuwa amegeuka anatazama nje, ilipoegemea baiskeli yake ya kike na stika yake ya mwezi wa kwanza.

Alirudi ofisini moja kwa moja. Chumba cha uhakiki kilikuwa kitupu, wenzake wamekwenda kula. Akaingiza baiskeli ndani, akachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine sakafuni, akaisukuma mpaka chaki ya tairi ikagusa chini tena. Akatandaza utepe. Mita mbili na sentimita tano. Akarudia mara tatu, kama sheria inavyotaka, na mara zote tatu gurudumu lilimjibu vilevile bila kumwonea haya. Kwa miezi minane na nusu, kila mzunguko, kimita kilikuwa kimemzawadia sentimita kumi na tano ambazo hakuzikanyaga.

Hesabu haikumchukua dakika mbili. Mchepuko haukuwa kilometa nane na mita mia nane. Ulikuwa nane na mia mbili. Ile ziada ya kilometa moja na mita mia nane, aliyoitangaza kwa majirani na kwa dereva, mita mia sita humo zilikuwa zake mwenyewe. Jumla yake haikuwa elfu mbili mia tisa themanini na saba, ilikuwa elfu mbili mia nane na arobaini. Na siku nne za kazi zilizobaki, hata akizipanda zote, zisingemfikisha.

Ratili akakaa juu ya kasha la mawe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijipima mwenyewe, akajihakiki mwenyewe, akajitangaza mwenyewe, na makofi akajipigia mwenyewe.

Ungedhani Jumapili alikwenda kwa mama mkwe akasema. Hakusema. Alichukua kalamu, akasimama mbele ya kalenda, na mkono ukaandika 2,987. Mkuu akamtabasamia kama mtu anayemkaribisha nyumbani.

Mwenezi aliitazama namba hiyo kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo Ratili hakulitarajia: akanyoosha mkono.

"Shemeji, nimenyoosha mikono. Umeweza. Alhamisi jioni nakuja na ngazi."

Alikuwa anasema kweli. Macho yake yalionyesha heshima, na heshima hiyo ilimuuma Ratili kuliko kicheko cha mwezi wa kwanza. Akamshika mkono.

Siku zile nne alikanyaga pedeli bila raha. Jumatatu jioni, karibu na reli, kimita kikapita elfu tatu mbele ya macho yake, na yeye akawa anakitazama tu. Nani angejua? Fundi alishasahau. Akajiambia kwamba si kwa ajili yake: spika likishuka mtaa mzima utalala. Akajiambia kwamba mwaka wa uchaguzi hauwezi kukosa mtu wa kusema kweli mezani, na kwa kazi kubwa namna hiyo, kilometa mia moja hivi si kitu, ni marekebisho madogo kwa maslahi ya wengi. Hapo ndipo alipofunga breki katikati ya njia. Maneno hayo aliyajua. Alikuwa ameyasikia kwenye televisheni, yakitoka chini ya kofia ya manjano, na sauti aliyoyasikia nayo sasa ilikuwa yake.

Alhamisi jioni Mwenezi alikuwa ameshapanda ngazi, spana mkononi, bolti ya kwanza imelegea, Ratili alipoingia uani akikokota baiskeli. Mama mkwe alikuwa barazani kwenye kiti chake. Mume alikuwa ameshika ngazi.

"Mama, naomba unishikie hapa," alisema Ratili, akampa mama mkwe ncha ya utepe wa chuma.

Hakueleza kwanza. Alipiga magoti kwenye saruji ya baraza, akachora chaki kwenye tairi, akachora na chini, akaisukuma baiskeli taratibu mpaka chaki ikarudi. Akavuta utepe.

"Soma, mama."

Mama mkwe akavaa miwani, akainama. "Mbili na... tano."

"Kimita changu kinasema mbili na ishirini. Kinasema hivyo tangu mwezi wa nne, kwa sababu kilikuwa kwenye baiskeli ya gurudumu kubwa, na nilipokihamisha sikukipima tena. Sijafika elfu tatu. Leo, na safari ya leo ikiwemo, nina elfu mbili mia tisa na sita." Akakung'uta chaki magotini. "Na Jumapili nilikuwa najua. Niliandika huku najua."

Mume aliacha kutazama juu akamtazama mkewe. Aliyesema kwanza ni Mwenezi, kutoka huko juu ya ngazi, na hakuwa na furaha hata kidogo.

"Nani amekuuliza, shemeji?"

"Hakuna."

"Kalenda si ina namba? Imeandikwa, watu wameiona, mimi nimeikubali. Unaishusha ya nini? Sisi kwetu namba ikishatangazwa haishuki."

"Najua," alisema Ratili. "Ndiyo maana nimekuja kuishusha."

Mwenezi alimkazia macho kama mtu aliyetukanwa bila kutajwa jina. Kisha akageukia bolti yake akaanza kuikaza, na spana ilisikika muda mrefu kuliko bolti moja inavyohitaji. Mama mkwe alikuwa bado ameshika ncha ya utepe. Alilitazama gurudumu, akautazama mstari wa chaki kwenye saruji yake, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu vizuri kabisa, bila kukosea hata mara moja, na jumla ikawa ya uongo?"

"Anaweza, mama. Kama kipimo hakijakaguliwa na mtu mwingine."

Mama mkwe akaguna. Aliingia ndani, akaikata ile 2,987 kwa wino, na kumpa Ratili kalamu aandike ya kweli.

Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya walikuwa sebuleni tena, kila mtu kwenye kiti chake. Kalenda mpya ilikuwa ukutani, Mkuu amepunguzwa miaka kumi na mpiga picha. Ile ya zamani mama mkwe hakuitupa, aliitundika pembeni yake. Spika lilikuwa juu ya paa na asubuhi hiyo lilikuwa limeanza saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa ni mwaka wa uchaguzi. Ratili alikuwa anamenya chungwa.

Waziri akatokea. Kofia ilikuwa ileile, bado haijaona vumbi. Akasema kwamba katika mwaka uliopita serikali imejenga kilometa elfu nne na mia moja za lami, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa, na nyuma yake, bega kwa bega na bango lake mwenyewe, lilionekana lile handaki, limefunikwa kitambaa cha rangi za chama. Makofi yakalipuka kwenye televisheni. Mwenezi naye akapiga, mawili, ya taratibu, huku jicho liko kwa shemeji yake. Mume akaacha kutafuna. Watu wote wakamtazama Ratili.

Ratili alihisi neno limemfika kooni, zima, lenye mikono na miguu. Akaliuma. Akatia chungwa kinywani, akatafuna, akameza vyote viwili, na machozi yakamlenga kwa hasira.

Kisha sauti ya televisheni ikapungua. Rimoti ilikuwa mkononi mwa mama mkwe.

"Hizo elfu nne," alisema mama mkwe, "wamezipima kwa gurudumu lipi?"

Mwenezi akacheka kidogo. "Mama, serikali haipimi kwa baiskeli."

"Sijasema baiskeli. Nauliza wamepima kwa nini, na hicho walichopimia nani mwingine amekikagua."

"Wataalamu, mama."

"Wa nani?"

Mwenezi akakwaruza goti. Hakuwa amewahi kuulizwa hivyo na mtu mwenye kadi ya zamani kuliko yake, na katika vitabu vyote vya tawi hakuna karatasi inayoeleza umjibu nini mama yako. Akamgeukia Ratili, na kwa mara ya kwanza tangu Ratili aolewe katika ukoo huo sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa vipimo. Hebu mweleze mama mambo haya yanavyokwenda. Utasema tu kidogo."

Ratili akainua kidole, kile chenye maji ya chungwa, akakielekeza kwenye kalenda ya zamani, kwenye 2,906 iliyoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Kisha akakileta mdomoni akakilamba, akaendelea kumenya. Mwaka ulikuwa na siku mia tatu sitini na mbili mbele yake, na mama mkwe alikuwa anasogeza kiti chake karibu na Mwenezi ili amsikie vizuri.